Kiapo cha Binti wa Muadhini

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ya Rabahi bin Munir, muadhini wa msikiti wa wafinyanzi katika mji wa Basra, lilikuwa mazungumzo mafupi ya alasiri. Mwezi wa Shaabani ulikuwa umeingia. Mkewe, Bi Rumaytha, alikuwa ameketi uani akimsuka nywele Unaysa, binti yao wa pekee. Rabahi alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha kuvaa viatu, anakwenda kuadhini.

"Baba Unaysa," mkewe akamwambia, "mwaka huu tumwache mtoto afunge mpaka adhuhuri tu. Bado mdogo, na joto hili unaliona. Tena kuna neno nataka kukueleza juu ya mwaka jana."

"Na watu wa msikitini niwaambie nini? Kwamba mwaka jana alikuwa mkubwa, mwaka huu amekuwa mdogo?"

Bi Rumaytha akacheka. "Waambie anakua kinyumenyume."

"Tutazungumza nikirudi," akasema, akaenda zake.

Aliporudi alikuta wageni, na mazungumzo hayakufanyika. Kesho yake homa ikamshika Bi Rumaytha, na kabla Ramadhani haijaandama alikuwa amekwisha kuzikwa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ilikuwa desturi ya msikiti ule kwamba katika Ramadhani, jua likitua, imamu huwaita watoto waliofunga kutwa nzima, akawasimamisha mbele ya wakubwa na kuwafuturisha kwa mkono wake, kila mtoto tende yake, akiwataja kwa majina yao na ya baba zao. Hakuna aliyekusudia ubaya katika desturi hiyo. Lakini wazazi ni wanadamu. Rabahi hakuwa na mali wala nasaba ya kutajwa, na pale alilisikia jina lake likitajwa kwa heshima. Mwaka uliopita Unaysa, naye mdogo kuliko wenzake wote, alipokea tende kila magharibi. Basi katika mwaka huu wa msiba baba yake alimwamsha wakati wa daku, akamwambia, "Funga, mwanangu, kama ulivyofunga mama yako alipokuwapo." Alidhani anamliwaza.

Siku za mwanzo zilikuwa za joto kali. Alasiri moja Rabahi alirudi nyumbani kabla ya wakati wake, akamwona Unaysa akitoka nyuma ya mtungi mkubwa wa maji. Kola ya kanzu yake ilikuwa imelowa na kidevu kikimtiririka maji. Rabahi aliona, akaelewa. Hata hivyo akauliza.

"Unaysa, umefunga?"

"Nimefunga, baba."

"Hujanywa chochote?"

"Sijanywa."

"Apa."

Mtoto akamtazama usoni, akatafuta humo njia ya kutokea asiione. "Wallahi nimefunga," akasema.

Rabahi alikuwa mtu anayelinyanyua jina la Mwenyezi Mungu mnarani mara tano kwa siku, na sasa mtoto wake alikuwa ameliapia uongo. Hakumpiga wala hakumkaripia. Alimshika mkono, wakaenda msikitini kimya, akipanga moyoni adhabu itakayomfaa.

Magharibi ilipoingia imamu akaita, "Unaysa binti Rabahi, yatima wetu, asiyeiacha saumu hata katika huzuni! Njoo, mama." Watu wakasema mashaallah. Unaysa alisimama akamgeukia baba yake, na wote wawili walijua. Rabahi angeweza kusema neno moja. Aliutazama mkeka. Mtoto akaipokea tende.

Baada ya sala jirani yao Bi Jumana, aliyemnyonyesha marehemu utotoni na kumpenda kama bintiye, aliwaletea bakuli la supu. Alimkuta Rabahi ameketi peke yake uani.

"Bi Jumana, nimepatwa. Binti yangu ni mwongo. Ameapa kwa jina la Mola wake."

"Aliapa mwenyewe, au aliapishwa?"

"Nilimwapisha mimi."

"Na ulipomwapisha, ulikuwa hujui alichokifanya?"

"Nilikuwa najua."

"Basi ulikuwa ukimuuliza nini, baba? Umemtegea mtego, naye amenaswa, sasa unalia na mtego!" Akaliweka bakuli chini. "Mwaka jana Rumaytha alimpa maji na mkate kila adhuhuri, humu humu ndani. Alikuogopa wewe, wewe ukawaogopa watu wa msikitini. Mtoto ataogopa nani, kama si nyote?"

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema atakuambia. Nilimwona akilizunguka neno hilo kabla hata Shaabani haijaingia. Hakukuambia?"

Rabahi alikumbuka mlango, na viatu miguuni mwake.

Akamwita Unaysa. Mtoto alikuja akasimama mbali, mahali ambapo mkono haufiki. Rabahi akaketi chini ili nyuso zao zilingane.

"Leo nilikuona ukinywa maji," akasema. "Nilikuona kabla sijakuuliza. Nimekukosea."

Unaysa akasogea hatua moja. "Mama alisema nisikuambie. Alisema wewe ni mtu mwema, ila hupendi kuaibika." Kisha akauliza, "Mungu amemkasirikia mama?"

"La, mwanangu. Mama yako alikuwa na haki. Kufunga bado hakujakulazimu. Ni mimi niliyekulazimisha."

Hapo ndipo mtoto alipomlilia mama yake, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Baba yake alilia naye, na supu ikapoa.

Ndugu zangu wazazi, wanaokisimulia kisa hiki hukituliza hapa kidogo, nasi na tutulie. Mtoto akikosea nawe umeona, mwambie umeona. Kumuuliza unachokijua ni kumfungulia mlango wa uongo na kumsukuma aingie. Usimwapishe. Usimsifu mbele za watu kwa mzigo ambao mabega yake hayajauweza, maana ataubeba kwa hila. Na mwenzako wa nyumbani akikuambia ana neno juu ya mtoto, vua viatu uketi. Adhana ina wakati wake, na muadhini alikuwa na nafasi ya kusikiliza maneno machache. Rabahi aliishi miaka mingi baadaye, na husemwa kwamba hakuwahi kujisamehe alasiri ile ya Shaabani, ingawa alitaraji msamaha wa Mola wake.

Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, watu hawajainuka bado, alisimama. "Jana mlimwona binti yangu akipewa tende ya waliofunga," akasema. "Hakuwa amefunga, nami nilijua, nikanyamaza. Aibu ni yangu, yeye hana."

Mfinyanzi mmoja mzee akasema, "Alhamdulillahi. Na huyu mjukuu wangu anayetoka chooni kila saa midomo mibichi, nilidhani ni mimi tu." Watu wakacheka, na imamu akainamisha kichwa.

Rabahi akarudi nyumbani. Akawasha moto, akapika uji wa ngano. Hakuwahi kuupika maishani mwake, na kwa kuwa alikuwa amefunga hakuweza kuuonja. Akautia bakulini, akakiweka kiti cha mtoto kizingitini, mlango ukiwa wazi kwa wapitao, akaketi kando yake. Jua lilikuwa limekwisha kutoka. Unaysa akala kijiko cha kwanza.

"Mzuri?" baba yake akauliza.

Mtoto akautazama uji, akamtazama baba yake. Jirani mmoja akapita akiwasalimu.

"Umeungua, baba," akasema. "Tena hauna chumvi."

Rabahi akamshukuru Mwenyezi Mungu, akaenda kuleta chumvi.