Jiwe la Nguchiro

Paukwa!
— Pakawa!
Masikio?
— Yako wazi, bibi!
Midomo?
— Tumeifunga!
Mmeifunga kisha mnanijibu? Haya, kaeni kitako.

Hapo kale Nguchiro aliiba yai la Kanga. Akakamatwa, akakatwa mkia, yakaisha. Yakaisha? Thubutu! Fisi, mkubwa wa kisima, alikuwa na sheria yake: mwenye mkia butu hapigi kura wala hachaguliwi.

Kura ilikuwa jiwe. Kibuyu cha Fisi huku, kibuyu cha Swala kule, unatumbukiza kwa umtakaye. Fisi alikunywa maji, wenziwe akawaachia tope. Aliyenung'unika alizuliwa wizi wa yai, naye mkia kwachu!

Kila masika Nguchiro alijibanza vichakani na wenye mikia butu, akisikiliza mawe ya wengine. Tii! Tii! Tii! Lake alilikumbatia kifuani hata likawa laini.

"Litupe, baba watoto," mkewe akamwambia. "Jiwe tu hilo."

"Nataka kulisikia likianguka, mama watoto. Mara moja tu."

Masika yakarudi. Mbuzi wa karamu akachomwa, na ni mwiko kumgusa kabla kura hazijaisha. Nguchiro akamwendea Fisi.

"Shikamoo, mzee. Mbuzi ananukia! Pole, huruhusiwi hata kulamba."

"Mimi? Nani wa kunikataza?"

Kacha! Kacha! Kacha! Mbuzi kwisha, na mifupa yake.

Kobe, mlinzi wa vibuyu, akajikokota. "Umekula cha wenzako, mzee. Lete mkia."

"Kata upesi, nikapige kura!"

Kwachu!

"Sasa hupigi wala huchaguliwi. Mkia butu."

Fisi akaruka. "Sheria hiyo nimeifuta! Aliyekatwa amekwisha kulipa. Apite!"

"Wote, mzee?" Nguchiro akauliza kwa adabu.

"Wote! Huna masikio?"

Vichaka vikatikisika. Chakacha, chakacha! Wakatoka mikia butu, wengi hao, maana Fisi alikuwa mwepesi wa kukata. Wote kwenye kibuyu cha Swala. Tii! Tii! Tii! Fisi macho yakamtoka. Kisima kikaenda kwa Swala.

Nguchiro akawa wa mwisho. Alilishika jiwe lake, akalishika, hata Kobe akasema, "Achia, bwana. Hakuna atakayekunyang'anya."

Akaachia.

Tii.

Mpaka leo mkimwona Nguchiro amesimama, kichwa kakipinda upande, mwadhani anamsikiliza nyoka. Nyoka wapi!

Funzo? Msiibe, wajukuu. Ukishakatwa mkia umekwisha, hufai tena kwa lolote. Mnacheka nini? Kamuulizeni Fisi.

Ngano yangu nimeifikisha kisimani: mwenye kiu anywe, mwenye usingizi asinikoromee.