Kiwanja Kimoja Kilichobaki

Sogeeni, na anayetaka kuchekeshwa aende kwingine, maana hii huisimulia nikiwa nimekasirika. Katika kijiji kimoja cha Uingereza, zamani za Wanormani, walikuwapo majirani watatu. Wulfrun, mjane, alikuwa mfinyanzi. Akishika udongo anajua utakaa au utateleza. Shemeji yake Osgod alikuwa seremala ambaye nguzo zake hazikuwahi kuyumba. Na Bibi Hilda alilinda lango la bwawa la kinu cha maji cha kusagia nafaka, akiyajua maji ya mto kuliko mtu yeyote.

Wanormani, wageni kutoka ng'ambo ya bahari, walipoiteka nchi, akaja Bwana Fulko na wapanda farasi thelathini. Kijiji na vitongoji vyake vilikuwa na watu elfu. Sasa niambieni, watu thelathini watapataje usingizi katikati ya watu elfu walioporwa nchi yao? Ndiyo maana wakataka ngome: kilima cha udongo, mnara wa mbao juu yake, handaki kukizunguka. Ukiwa mnarani unamwona kila anayetoka na kila anayeingia. Mmoja akileta ubishi, farasi wanamfikia kabla hajawaita wenzake. Wakiinuka wote, unafunga lango, unakula nafaka yao uliyoirundika ndani, unangoja wenzako waje.

Na Fulko akapenda palepale penye nyumba zile tatu. Zilibomolewa asubuhi moja. Wulfrun alitazama tanuri lake la vyungu likivunjwa kwa mateke, kisha akapewa kikapu, abebe udongo wa kumwinua juu mtu yuleyule aliyemvunjia.

"Fanyeni haraka," Fulko aliamuru. "Nataka iishe kabla ya mvua."

"Tutafanya haraka, bwana," Wulfrun alijibu, na alimaanisha kweli.

Kilima cha kudumu hushindiliwa tabaka kwa tabaka. Wulfrun akawaonyesha wabebaji wamwage chini udongo mbichi wa mfinyanzi, unaoteleza, na juu wafunike kwa kokoto. Kikapendeza kwa macho.

Osgod akafukia nguzo za mnara nusu tu ya kina kinachotakiwa. Vipande alivyovikata akavichoma motoni. Fulko mwenyewe alizipiga nguzo kofi, akazisifu.

Bibi Hilda hakufanya lolote hadi mvua kubwa ya tatu. Siku hiyo, mchana kweupe, alifungua lango lote la bwawa. Mto ukaingia handakini ukaanza kukila kilima kwa chini.

Mnara ulianguka kijiji kizima kikitazama. Fulko akatambaa kutoka matopeni, kiatu kimoja, akawapeleka watu wake kwenye ngome ya ndugu yake, mwendo wa siku mbili. Hakurudi.

Lakini lile handaki lilikuwa limemeza viwanja viwili, likawa ziwa. Pakabaki pakavu pa nyumba moja tu, na zilibaki wiki tatu kabla ya majira ya baridi.

"Bila udongo wangu kile kilima kingesimama hadi leo," alisema Wulfrun. "Na wanangu wanalala kwenye zizi la watu."

"Kilima kingeinama tu, shemeji," Osgod akamkatiza. "Kilichowafukuza ni mnara, na mnara niliuangusha mimi. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, umesahau?"

"Nyote mlifanya mambo yenu kwa kificho," alisema Bibi Hilda. "Mimi nilifungua maji uso wangu ukionekana. Wangenikamata, ningenyongwa peke yangu. Na mifupa hii haitavuka baridi nyingine nje."

Wulfrun alipanda juu pale pakavu, jembe mkononi, damu ikimchemka. Kutoka pale aliwaona wote wawili vizuri, kila walipokanyaga.

"Atakayesogea," alisema, "nitamvunja mguu."

Osgod akaokota shoka lake. Bibi Hilda akabaki amesimama majini.

Haya, nyie mliokaa kimya. Msiniambie wagawane, pangegawanyika wasingefika huko. Mngempa nani kile kiwanja, na wale wawili mngewaambia nini usoni?