Mgongo wa Bibi Semeni

Kitendawili. Haya, nawategea: kinalala juu ya jiwe, mizizi hakina, kiu hakijui. Mmeshindwa? Nipeni mji. Ni kuvumwani, wajukuu zangu, zile nywele za kijani zinazofunika mawe msituni.

Sasa mmenisikia nikimwambia mama yenu kwamba kurumbiza huyataja maji, kuvumwani huyatunza, na mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Yalitokana na jambo hili.

Zamani, huko milima ya Uluguru, chemchemi ya ukoo mmoja ilikauka, ukoo ukahama. Desturi yao ilikuwa kumfuata kurumbiza, yule ndege wa manjano mwenye sauti ya filimbi. Alipoimba, ndipo walipochimba. Mbele alikwenda Mkude na jembe lake, mgongoni kambeba mama yake, Bibi Semeni, ambaye miguu ilikuwa imekwisha mkataa.

Wimbo ulielea ndani ya ukungu kama sauti ya mtu aotaye. Wakachimba, vumbi. Wakaufuata tena, vumbi. Bibi akamwuliza mwanawe, "Mkude, huyu ndege anajua maji yalipo, au anayaimba tu?"

Mkude akamkaza mgongoni, akazidi kwenda. Wazee walikuwa wamekwisha kata shauri: maji yasipopatikana siku ile, wenye miguu watateremka bondeni upesi, na asiyejiweza ataachwa.

Wakamlaza bibi juu ya jiwe lenye kuvumwani nene, wao wakaenda kuchimba chini ya wimbo. Bibi akasinzia. Akaota yu mtoto, amelala kifuani pa mama yake, na kifua kile ni cha ubaridi, kinapumua polepole.

Walirudi mikono mitupu. Walipomwinua, kaniki yake ilikuwa imelowa mgongoni kote. Wifi yake, Mwamini, mtani wake wa siku zote, akacheka.

"Wifi, umerudi utotoni? Tukutafutie winda?"

"Tangu jana sijanywa tone," bibi akasema. "Nikojoe nini, wifi?"

Hapo kicheko kikakatika. Mkude akaishika ile kaniki, akaikamua. Matone yakadondoka, ya baridi, yananukia udongo. Akapiga jembe ubavuni mwa jiwe, akachimba mpaka matope yakamfika magotini na maji yakaanza kujaa taratibu, yamebeba kivuli cha ukungu. Kurumbiza alikuwa amekwisha hamia mti mwingine, mbali, bado anaimba.

Mkude akateka kwa viganja, akamnywesha mama yake kwanza. Ndipo akamjibu lile swali lake.

"Mama, kurumbiza huyataja maji. Kuvumwani huyatunza."