Ukuta wa Bi Mwanahawa

Huko Mji Mkongwe, Bi Mwanahawa alirithi kwa mama yake nyumba ya ghorofa iliyochakaa hadi kunguru wakaihama. Jirani yake, tajiri Twalib, aliitaka aifanye hoteli.

"Hii si nyumba, ni kifusi," alimwambia barazani, watu wakisikia. "Nami nitakulipa bei ya kifusi."

"Kumbe! Basi niibomoe, nikuuzie kiwanja kitupu. Huna pingamizi?"

"Ningekuwa nalo la nini? Bomoa hata kesho!"

Kesho yake wakaja mafundi na magunia mazito. Mmoja akaupiga ngumi ukuta uliotenganisha nyumba hizo mbili. Upande wa pili, vumbi la dari likamwagika kwenye chai ya Twalib. Akatoka mbio na kikoi chake.

"Mnafanya nini?"

"Tunaanzia hapa," alisema Bi Mwanahawa. "Ukuta ni wangu. Ila boriti za dari yako zimeulalia, si unajua wazee walivyojenga, nyumba mbili ukuta mmoja. Toa vyombo vyako mapema, baba."

"Usibomoe! Ukarabati!"

"Kwa pesa gani? Mwenye kifusi mimi?"

"Nitalipa!"

"Ukuta bila paa utalowa, uanguke."

"Na paa nitalipa!"

"Na ngazi je? Mafundi wapandie wapi?"

Twalib akalipa vyote, barazani pale pale. Ndipo mafundi wakafungua magunia: chokaa, mchanga na miko ya kupigia plasta.

Twalib akachungulia ndani ya magunia. "Nyundo ziko wapi?"

"Nyundo za nini, baba?" alisema Bi Mwanahawa. "Nani anabomoa nyumba ya mama yake?"