Ndoo ya Pili ya Digidigi

Hapo zamani za kale, watoto, kompyuta zilikuwa za wanyama. Msinicheke. Kila nyumba ya porini ilikuwa na kompyuta yake, ila kisima kilikuwa kimoja.

Kabla ya kompyuta, mwenye pembe ndefu ndiye aliyekunywa kwanza, na wadogo walikunywa tope. Ndipo Digidigi na mkewe, Bi Mashavu, wakaandika somo. Somo hilo lilimfundisha yeyote kuiamuru kompyuta yake: hesabu ndoo za nyumba hii, peleka hesabu kisimani, ngoja zamu, kisha ita. Aliyelimaliza aliingia kwenye zamu, awe na pembe au asiwe nazo.

Waliliandika kwa chaki kwenye ubao mkubwa nje ya ua wao. Juu kabisa, kwa herufi ambazo hata mpita njia angeziona, Bi Mashavu aliandika: "Soma bure. Nakili bure. Ukiona kosa, sahihisha, utie jina lako. Mwenye jina kwenye hatua ndiye mlezi wake. Maswali aulizwe yeye."

Wote walisoma bure. Wote walinakili bure. Lakini chini ya kila hatua majina yalibaki yale yale mawili: Mashavu na Digidigi.

Kiangazi kimoja Bi Mashavu akafa. Chaki yake ilibaki kwenye ukingo wa ubao, mahali alipoiweka mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Somo si jiwe. Ni kama paa la nyasi: usipolitazama, linavuja. Kila masika kompyuta zilibadilika, na amri iliyokubaliwa jana ilikataliwa leo. Basi ikawa kelele kutwa.

"Digidigi! Hatua ya nne imenigomea!"

"Digidigi! Mtoto wangu amekwama, njoo!"

"We Digidigi! Umelala?"

Naye alikwenda, akarudi, akaenda tena, puku puku puku, kwato zake ndogo zikitimua vumbi. Alirekebisha, akaeleza, akaeleza tena. Kila kulipokucha kompyuta yake mwenyewe iliita: "Ndoo mbili, nyumba ya Digidigi! Ndoo mbili!" Akaenda kisimani, akaleta mbili. Moja aliitumia. Ya pili aliiweka mlangoni mpaka jioni, kisha akaimwaga kwenye nyasi.

Siku moja alishindwa kuendelea njiani, akakaa chini. Akaona kwamba hafiki mbali. Akawaita wakubwa.

"Ndugu zangu," alisema, "nimechoka. Nikianguka, somo litaanguka nami. Watakaozaliwa hawatajua kuingia kwenye zamu, na kisima kitarudi kwa wenye pembe. Naomba kila mmoja achukue hatua moja tu, ailee."

Tembo akapepea masikio, fwaa, fwaa. "Mzee, ningependa sana. Lakini mimi na mwili huu, kula peke yake ni kazi ya kutwa."

Nyati akasema, "Nami nina ndama. Isitoshe, somo ni lako na marehemu. Sisi nani tuliguse?"

"Mnalitumia," alisema Digidigi.

"Kulitumia ni kingine, mzee wangu."

Kifaru naye alikuwapo. Aliishi peke yake kwenye vichaka vya mbali, macho yake hafifu, na ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutumia kompyuta yake. Alikohoa tu.

Mkutano ukaishia hapo. Lakini wakati wa kuagana Nyati akasema kisima kilichimbwa mwaka wa nzige.

"Mwaka wa mafuriko!" Tembo akadakia.

"Wa nzige!"

"Nyati, usipotoshe watu! Mimi sisahau!"

"Husahau? Juzi ulisahau mlango wa nyumba yako ukapita ukutani!"

Wakashindana hivyo mpaka jua likashuka. Mwenye kula kutwa hakula, na mwenye ndama hakwenda kuwatazama. Digidigi alikaa akawasikiliza.

Moyoni akasema, "Kumbe muda wa kusaidia hawana. Muda wa kukosoa wanao tele."

Kesho yake alfajiri alisimama mbele ya ubao na kitambaa chenye maji. Maandishi yale yalikuwa ya mkewe, na tangu afariki hakuwa amefuta hata nukta isipokuwa pale kompyuta ilipomlazimisha. Mwisho akafuta alama moja, akaigeuza. Mbele kidogo akafuta maneno mawili. Alichagua makosa ya kupiga kelele, si ya kudhuru. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akangoja.

Jua halijawa kali, ardhi ikatetemeka. Du! Du! Du!

"Digidigi! Toka nje! Toka uone ulichofanya!"

"Kuna nini, Bwana Tembo?"

"Hatua ya tatu! Pale kompyuta inapofundishwa kulinganisha kikubwa na kidogo! Mtoto wangu amefuata kama ilivyoandikwa, na mashine ikatangaza mbele ya wageni: 'Mkubwa, Nyati! Mdogo, Tembo!' Wageni wamecheka mpaka wamelala chini!"

Digidigi akaukazia macho ubao. "Mbona mimi naona sawa?"

"Sawa? Alama imegeuka, we mzee! Imegeuka!"

"Labda. Macho yangu siku hizi... Labda kweli Nyati ni mkubwa."

"Mungu wangu! Lete chaki!"

Tembo akaishika kwa mkonga chaki ya Digidigi mwenyewe, kwaru kwaru, akageuza alama. Akaongeza na mfano wa pili ili mtu yeyote asirudie ujinga ule. Akatia jina lake kubwa: TEMBO.

Hajamaliza kujipongeza, Nyati huyo, anatweta, na nyuma yake kwa mbali sauti ya mashine: "Nyati, zamu yako! Nyati, zamu yako! Nyati, zamu yako!"

"Izimeni hiyo!" alinguruma Nyati. "Nimeshakwenda kisimani! Nimeshakunywa! Bado inaniita! Ndama hawasikilizani!"

"Hatua ya tano inasema irudie kuita," alijibu Digidigi kwa upole.

"Irudie mpaka lini? Mpaka nife? Lazima iandikwe 'mpaka aje'! Kompyuta haina akili ya kujua umeshafika, lazima uiambie! Hata ndama anajua!"

"Wewe unajua vizuri kunizidi, Bwana Nyati."

"Najua sana!"

"Andika basi."

Nyati akaandika. Akaliona jina la Tembo, naye akatia lake, kubwa zaidi.

Tangu siku hiyo aliyekwama kwenye hatua ya tatu alikwenda kwa Tembo, na wa hatua ya tano kwa Nyati. Wakubwa walinung'unika, lakini walijibu, maana nani angekubali kusema hajui alichokisahihisha mbele ya watu? Digidigi alilala mchana kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hakuota kitu.

Jioni moja, Tembo na Nyati wakiwa ubaoni wanabishana mfano wa nani ni bora, akaja Kifaru. Alisogeza pua mpaka ikagusa chaki, akasoma polepole.

"Mzee Digidigi," alisema, "niwie radhi. Naona kosa hatua ya kwanza."

"Hatua ya kwanza haina kosa," alisema Digidigi.

"Inasema: 'Idadi ya walio nyumbani, andika wawili.' Mimi niko peke yangu. Nimeandika wawili kama nilivyoambiwa, na kila siku napewa ndoo mbili. Moja namwaga. Kiangazi hiki kuna watoto wanaolala na kiu."

"Haiwezekani! Hilo sikuliweka mimi!"

Masikio ya Tembo yakasimama.

"Hukuliweka," alisema Tembo taratibu. "Kwa hiyo yale mengine uliyaweka?"

Digidigi akainamisha kichwa. "Niliyaweka."

"Lo! Nyati, umesikia? Tumetegwa! Na huyu mwenye miguu ya vijiti ndiye aliyetutega!"

"Nafuta jina langu sasa hivi!" alifoka Nyati.

"Futa," alisema Digidigi. "Lakini jina liko pale kwa sababu ya masahihisho. Ukiliondoa, rudisha na kosa."

Nyati akainua mguu. Akaifikiria ile sauti, zamu yako, zamu yako. Akaushusha mguu. Tembo naye akamtazama Nyati, akaitazama alama ya mkubwa na mdogo, akakohoa. Hakuna aliyefuta.

Kifaru alikuwa bado anangoja. "Na hatua ya kwanza?"

Digidigi akawageukia wale wawili. "Nyumbani kwako mko saba, Bwana Tembo. Ulifanyaje?"

"Niliandika saba," alisema Tembo. "Zamani. Hata Nyati alibadilisha kwake. Kila mtu alibadilisha kwake."

"Mbona hamkuniambia?"

Tembo akachora chini kwa mkonga. "Mkeo alikuwa hai, mlikuwa wawili, tukaona ameandika kama alivyoishi. Si kosa kubwa. Halafu akafariki. Nani angekuja kukuambia andika vingine?"

Upepo ulipita, chaki ikatoa vumbi kidogo. Ndoo ya pili ilikuwa mlangoni, imejaa.

Digidigi akaitazama. Kisha akaichukua ile chaki ya kwenye ukingo, ambayo hakuna aliyeigusa tangu msiba, akampa Kifaru.

"Andika," alisema. "'Uliza kwanza wako wangapi, kisha andika idadi hiyo.' Utie jina lako. Usilifute la mke wangu, liache juu ya lako."

Kifaru akaandika, herufi kubwa, zimepinda. Akasimama. "Huwa mnaweka mfano chini ya kila hatua. Niandike nyumba ya nani?"

"Yangu."

"Niandike wangapi, mzee?"

Digidigi akalitazama jina la mkewe.

"Mmoja," alisema.

Kesho yake kompyuta iliita ndoo moja, na ile ya pili ilikwenda kwa mtoto aliyekuwa analala na kiu.

Nami hadithi yangu naitua hapa, watoto, na funzo lake ni hili: asiyeitika akiombwa msaada ataitika akiona kosa, lakini anayetega wenzake kwa kosa ajiandae kuonyeshwa la kwake.