Fundo la Kamba ya Katani

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana mihuri ya serikali ilikwishabuniwa, alikuwepo Lusekelo, mlinzi wa ghala la kahawa. Asubuhi moja mkewe, Tusajigwe, alimkuta amefungwa mikono mgongoni kwa kamba ya katani, na magunia hayapo.

Majirani wakapiga kelele: "Fungua fundo, mama, mwenzio anaumia!"

Akagoma. Akaikata kamba mbali na fundo. "Hili libaki kama lilivyo. Polisi waje waone alivyofungwa."

Polisi wakaja, wakaona, wakasema: amejifunga mwenyewe. Lusekelo akapelekwa mahabusu.

Fundo likafika kwa Koplo Nyamizi, mtunza vielelezo. Mwongozo uliagiza kila kielelezo kitiwe kwenye mfuko wa plastiki. Kamba ilikuwa imelowa umande. Nyamizi akaianika kivulini, akaitia kwenye bahasha ya kaki.

"Koplo! Kati yako na mwongozo, nani anajua zaidi?" mkuu wake akafoka.

"Mwongozo, afande. Ila ndani ya plastiki kamba itavunda, na chembe za ngozi ya mwizi zitavunda nayo."

Akaandikiwa barua ya onyo, nakala tatu.

Bahasha ikafika maabara, kwa Kokushubila. Akapangusa fundo kwa nje: vinasaba havikutosha hata kusomeka. Akawaza, anayekaza fundo huacha ngozi yake ndani, kamba inapobanana. Akalifungua. Akapangusa kwa pamba yenye unyevu, kisha kwa pamba kavu, akaziunganisha, akakusanya vinasaba vyote kwenye tone moja dogo. Kanuni ilitaka nusu ibakizwe kwa kipimo cha marudio.

"Nusu ya kitu kisichotosha ni nini?" akajiuliza. Akatumia yote. Kingeshindikana kipimo hicho, Lusekelo asingepata kingine maishani.

Hakikushindikana. Zikasomeka alama za vinasaba vya karani wa ghala, aliyekuwa ameapa hajawahi kuigusa kamba ile. Lusekelo akaachiwa. Cheti cha pongezi akapewa mkurugenzi wa maabara, kwa kuwa jengo ni lake.

Nyumbani Lusekelo akakuta bintiye, aliyezaliwa yeye akiwa mahabusu, ana miezi mitatu na hajapewa jina. Akaapa: ataitwa jina la aliyenitoa. Akawaalika wanawake wote watatu kwa msajili wa vizazi. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja.

"Aitwe Tusajigwe," mkewe akasema. "Ningelifungua lile fundo, wangepima nini? Upepo?"

"Dada, bila bahasha yangu wangepima uozo," akajibu Nyamizi. "Na barua ya onyo ninayo mimi."

"Lilinifikia zima na kavu, nawashukuru," akasema Kokushubila. "Lakini lilikuwa bubu. Mimi ndiye niliyelisemesha."

"Kwa kuicheza karata ya mwisho ya shemeji bila kumuuliza!" Nyamizi akadakia.

"Ningemuuliza, angesemaje?"

Wote wakamgeukia Lusekelo. Lusekelo akamtazama mtoto.

"Baba Mtoto," msajili akasema, "foleni hiyo nyuma yako."

Haya, nyinyi mliosikiliza: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, je, mngeandika jina la nani?