Msahafu wa Idarusi

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zikiwa tayari mikononi mwa watu, palikuwa na mama mmoja, Bi Zuhura, na mwanawe wa pekee, Idarusi. Idarusi alikuwa akiuza maji ya miwa sokoni. Asubuhi moja askari wa mji wakamchukua, yeye na mkokoteni wake. Jioni ikaja habari kwamba amefia kituoni, ameugua pumu. Idarusi hakuwa na pumu.

Mkuu wa kituo akasema mama akubali kwanza kwamba ni pumu, ndipo apewe maiti. Bi Zuhura akakataa. Basi Idarusi akabaki kwenye barafu, hajaoshwa, hajasaliwa. Bi Zuhura akabaki mkekani, hana ombi jingine kwa Mola wake ila azike.

Batuli, binti wa kaka yake, alikuwa naye chumba cha wanawake. Akamwona shangazi yake kanga imemwanguka, nywele wazi, anasema, "Nipeni mwanangu nimzike." Batuli akainua simu, akamrekodi, akaituma video ile kwa watu. Nchi ikalia. Watu wakalia, wakaandika pole, wakalala.

Shee, rafiki wa Idarusi, akaona machozi hayakufungua mlango. Akaandika kwa hasira. Akaweka sura ya askari mmoja, akasema muuaji ni huyu. Nchi ikawaka, watu wakajaa barabarani. Kumbe askari yule siku ile hakuwa kazini. Nyumba yake ikachomwa, akahama na watoto wake. Mabomu ya machozi yakarushwa, watu wakakimbia, wakaogopa. Mlango haukufunguka.

Msabaha alikuwa mchekeshaji wa kwenye simu. Akavaa kofia kama ya mkuu wa kituo, akashika rungu, akasema kwa sauti ya puani, "Raia, hii ni pumu." Akajigonga, akakohoa, akaanguka. Nchi ikacheka. Katika kucheka watu wakasahau kuogopa, wakarudi barabarani wanakohoa. Mkuu akitoka, wanakohoa. Akiingia msikitini, wanakohoa. Wakubwa wake wakaona aibu, wakaamuru maiti itolewe. Idarusi akaoshwa, akasaliwa, akazikwa.

Ikafika arubaini. Desturi ya mji ule, nguo za marehemu hugawiwa wengi, lakini msahafu wake hupewa mtu mmoja, awe anamsomea. Bi Zuhura alikuwa amechoka. Alijua naye hana miaka mingi, na alitaka kujua nani atamsomea mwanawe. Batuli, Shee na Msabaha wakaja kuuomba.

Batuli akasema, "Shangazi, nipe mimi. Bila kilio kile nani angemjua Idarusi?"

"Na nywele zangu, Batuli? Mpaka muuza mkaa ameziona."

"Nisamehe, shangazi. Lakini ungejifunika, wasingelia."

Shee akasema, "Walilia, halafu wakaenda kula. Mimi ndiye niliyewatoa majumbani, mama."

"Na yule baba wa watu ukamtoa kwake pia," akasema Msabaha.

"Nyamaza wewe, mpiga domo. Rafiki yangu umemfanya kichekesho."

"Kichekesho kilichomtoa kwenye barafu. Mama, nchi ililia, wakubwa hawakumtoa. Iliwaka, hawakumtoa. Ilipowacheka wakamtoa."

"Ni kweli, mwanangu," akasema Bi Zuhura. "Lakini jana nimepita chuo cha Kurani. Watoto wameniona, wakaanza kukohoa."

Msabaha akainamisha kichwa.

Bi Zuhura akauliza taratibu, "Na sasa, huko kwenye simu, wanasemaje habari zake?"

Wakatazamana. Batuli ndiye aliyejibu. "Sasa kuna habari nyingine, shangazi."

Bi Zuhura akauweka msahafu mapajani, akaupangusa kwa ncha ya kanga. Akamtazama huyu, akamtazama huyu, akamtazama na yule. "Mwenyezi Mungu awalipe," akasema. "Mmenizikia mwanangu. Lakini kila nikiinua mkono nimpe mmoja wenu, mkono unarudi."

Wageni walikuwa wameshakula, wanangoja dua ya mwisho, na dua haisomwi kabla msahafu haujapata mtu. Nanyi mlioketi hapa mkisikiliza, msaidieni mama wa watu: kati ya aliyeliza, aliyekasirisha na aliyechekesha, nani ana haki ya kumsomea Idarusi?